Walio Kisiwani Saa Sita Mchana

Jumapili, 2 Novemba

Nimefika. Kisiwa chenyewe ukikizunguka kwa miguu ni dakika arobaini. Nyumba ni mia moja na kidogo, gari hakuna hata moja. Mizigo inasukumwa kwa mikokoteni kutoka gatini. Mto umekizunguka, mpana, wa rangi ya chai, na ng'ambo ni vilima vya mikaratusi mitupu. Kutoka nyumbani kwangu Blacktown nimebadilisha treni mara mbili, kisha feri dakika kumi na tano. Abigail alinisindikiza stesheni. "You'll be all alone there, Mum," akasema. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba ni miezi minne tu, mpaka msimu wa joto uishe. Binti yangu huyu anaelewa kila neno ninalosema, ila tangu darasa la tatu hajawahi kunijibu kwa lugha yangu.

Ninayemtunza anaitwa Colin Hartigan, miaka themanini na minne, mgonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Anataka nimwite Colin tu. Mdomo wangu unakataa, kwa hiyo namwita Mister Colin, na hapa daftarini nitamwita mzee. Alikuwa mkuu wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea cha kisiwa kwa miaka kumi na tisa. Kabla ya kunionyesha choo alinionyesha pampu.

Jumatatu, 3 Novemba

Daftari hili nililinunua Fairfield, nikidhani nitaliandikia dawa zake. Dawa zinaandikwa kwenye simu niliyopewa na wakala walioniajiri. Basi litakuwa langu. Miaka kumi na moja nilifundisha Kiswahili Kitale, na huku siku nzima sipati hata mtu wa kumwambia pole.

Alhamisi, 6 Novemba

Mzee amenipa sheria. Kila Alhamisi nitawasha pampu. Imefungwa kando ya tangi la maji ya mvua, nyuma ya nyumba, inapeleka maji kwenye vinyunyizio vya paani, na inawashwa kwa kuvuta kamba. Leo nimevuta mara kumi na moja ndipo ikakubali. Yeye ananitazama tu, mkono unamtetemeka juu ya goti.

"Moto hautakusubiri mara kumi na moja," akasema.

Nilijibu kwamba nimekuja kumwogesha na kumpa dawa. Akaniambia nikimaliza kumwogesha nipande ngazi nitoe majani kwenye mifereji ya paa.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimetoa majani. Ndoo sita. Mgongo unaniuma na sina wa kumlalamikia.

Jumanne, 11 Novemba

Nimesikia Kiswahili. Nilishuka gatini kupokea dawa, na mwanamume wa makamo anayefunga kamba za feri akanitazama jina kwenye beji, akasema, "Mama Rispah, karibu sana huku." Nilisimama pale kama mtu aliyemwagiwa maji. Anaitwa Ildephonse, Mrundi, amekulia kambini Tanzania, sasa anakaa Blacktown mitaa mitatu kutoka kwangu. Feri inasimama dakika nne. Tuliongea dakika nne.

Jumamosi, 15 Novemba

Mkutano wa tahadhari ya moto, ukumbini. Nilimsukuma mzee hadi mstari wa mbele na watu wakamwamkia kama chifu. Mkuu wa kikosi sasa ni Wendy, mwalimu wa shule huko Hornsby, mwanamke mwenye sauti ya kupanga watu foleni. Mpango umepigwa chapa vizuri. Una orodha ya watu kumi na mmoja wasioweza kutembea au kujihudumia, na mbele ya kila jina wameandikwa watu wawili wa kwenda kumchukua na kumleta gatini. Wa mzee ni Wendy na jirani mmoja mhandisi.

Niliinua mkono nikauliza mimi nimeandikwa wapi. Wendy akatabasamu. "Wewe utakuwa na Colin, mpendwa." Wengine nao wakatabasamu. Hakuna aliyenikosea. Ila nilipoketi nilihisi kama nimeulizia kiti kwenye arusi ya watu.

Alhamisi, 20 Novemba

Pampu: mara sita. Upepo wa magharibi. Nyuzi thelathini na tatu.

Jumapili, 23 Novemba

Kanisa nimelisikilizia kwenye simu. Abigail hakupokea.

Jumatano, 26 Novemba

Jana na leo joto ni nyuzi thelathini na saba. Pale gatini kuna ubao wenye mshale unaoonyesha hatari ya moto, na mshale umesogea hadi rangi ya chungwa. Nilimwambia Ildephonse kwamba angalau hapa kuna mpango mzuri. Alikuwa anakunja kamba, akaacha.

"Mama, mimi nakaa hapa kila siku naangalia. Ile watu ya kwenye mpango, yote inapanda boti ya saa moja asubuhi. Yule Wendy, yule injinia, wote. Inarudi jioni. Saa sita mchana nani iko hapa? Wazee na wewe."

Kisha akaniambia habari za kambini. Huko walikuwa na ndoo za mchanga, wazee wa zoni, filimbi, kila kitu. Moto ukaja saa sita, siku ya mgao, watu wazima wote wakiwa kwenye foleni ya unga upande wa pili. Vibanda vya nyasi viliisha kabla foleni haijageuka. Dada yake mdogo alikuwa ndani, analala. Alisema hivyo tu, kisha nahodha akapiga honi akaruka botini.

Nilipanda mlima bila kuona njia.

Alhamisi, 27 Novemba

Pampu: mara nne. Nilimweleza mzee maneno ya Ildephonse. Alifumba macho hata nikadhani amesinzia. Halafu akasema, "Siku zote tulifanya mazoezi Jumamosi." Akarudia. "Miaka kumi na tisa, Jumamosi."

Akanituma nilete karatasi.

Jumatatu, 1 Desemba

Kazi tuliyojipa ni hii: kujua ni nani yuko kisiwani Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na kati yao ni nani anaweza kusukuma mkokoteni. Ildephonse ananihesabia wanaoondoka, na mimi nabisha milango ya wanaobaki. Mzee akilala baada ya chakula ninapata saa moja na nusu.

Leo nimebisha saba. Mlango wa kwanza nilisimama nje dakika nzima nikijipanga. Aliyefungua ni Noreen, miaka sabini na tisa, kipofu, anaishi peke yake nyumba ya tatu juu yetu. Alinishika uso kwa vidole akaniuliza natoka wapi, akanipikia chai bila kumwaga hata tone. Nimekaa hapa mwezi mzima nikipita mbele ya geti lake.

Ijumaa, 5 Desemba

Kuna mzee Stan, mwisho wa njia, wa mtungi wa oksijeni. Kuna mfinyanzi anayeitwa Trish, mwenye nguvu mikononi. Kuna mke wa mwenye duka. Kuna wastaafu wawili wa kikosi, Bruce na mwenzake, wanaoweza kushika mpira wa maji. Jumla ya wanaoweza kusaidia mchana ni tisa, nikijihesabu. Mzee ameagiza nijihesabu.

Jumanne, 9 Desemba

Mvua ya dakika kumi. Sote tulitoka nje kuitazama.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimempelekea Wendy mpango wa mchana. Ameusoma wima, mlangoni kwake, hakunikaribisha. Akasema ni wazo zuri na watalijadili msimu ukiisha. Nikamwambia moto uko kwenye msimu. Akasema, kwa upole, kwamba mambo haya yana utaratibu na kamati.

Nilimchukia njia nzima hadi nyumbani. Mzee aliposikia hakukasirika. Aliomba kalamu. Ilimchukua robo saa kuandika jina lake chini ya ukurasa, na nusu yake ni mikwaruzo. "Sasa kaubandike dukani," akasema. "Wakiuliza, ni mimi." Nimeubandika. Kazi ni yangu na Ildephonse, sahihi ni yake, na bila sahihi hiyo ungetolewa kesho. Nalijua hilo. Limenikaa kifuani hata hivyo.

Alhamisi, 25 Desemba

Bintiye mzee, Frances, alipiga simu kutoka Perth, upande wa pili wa nchi. Walizungumza dakika sita. Abigail yuko kwa rafiki zake mtaa wa Liverpool, huku huku kwetu. Nilipika chapati. Mzee alikula mbili, akasema zingefaa kuzibia tangi. Hicho ni kicheko chetu cha Krismasi.

Alhamisi, 8 Januari

Pampu: mara mbili. Likizo, kisiwa kimejaa watu na kelele za watoto majini. Mzee anameza kwa shida.

Alhamisi, 15 Januari

Mara moja. Mzee alipiga goti lake kwa kiganja. Ndiyo makofi aliyonayo.

Jumatatu, 26 Januari

Nyasi zimekuwa rangi ya katoni. Nimeanza kumsomea mzee mpango wa mchana kabla ya chakula, jina kwa jina, kwa sababu anauomba. Siku hizi anasahau jina la dawa, lakini si jina la mtu aliye kwenye orodha. Nilimdhania ni mtu wa kuamrisha watu tu. Ni mtu anayeogopa kumsahau mtu.

Jumanne, 3 Februari

Shule zimefunguliwa. Boti ya saa moja imejaa tena. Kumebaki kimya.

Jumatatu, 9 Februari

Kesho wametangaza nyuzi arobaini na mbili na upepo mkali wa magharibi. Mshale uko karibu na mwisho wa ubao. Watano kati ya wale kumi na mmoja wa kwenye orodha wamechukuliwa na jamaa zao leo. Niliomba wakala wamhamishe mzee. Walisema safari yenyewe ni hatari kwa hali yake, na kwamba mteja ana haki ya kukataa. Nilipomuuliza, alikataa kabla sijamaliza.

Alhamisi, 12 Februari

Naandika kutoka Blacktown. Leo ndiyo siku ya kwanza mkono unakubali.

Jumanne asubuhi feri iliondoka imejaa kama kawaida. Ildephonse alinipungia mkono. Kufikia saa nne moshi ulikuwa umesimama ng'ambo, juu ya vilima vya magharibi, na jua likawa kama kiini cha yai. Redio ilisema vikosi vyote viko upande wa bara. Saa tano na nusu magome yanayowaka yalianza kuvuka mto. Yalikuja juu ya maji, mepesi, na moja lilitua kwenye bustani ya jirani mhandisi, aliyekuwa kazini mjini. Uzio ukashika.

Mke wa mwenye duka alipiga king'ora. Niliwasha pampu kwa mvuto mmoja, vinyunyizio vya paani vikafunguka, nikamfunika mzee blanketi la sufu nililolichovya majini. Kwa mpango wetu, mimi ninamteremsha mzee hadi gatini, Trish anamchukua Noreen, Bruce anamchukua Stan. Nilikuwa nimeshika mikono ya kiti tayari redio ndogo ya kikosi, iliyokuwa mapajani mwa mzee, ilipoita. Ilikuwa sauti ya Bruce. Yeye na mwenzake wamezuiwa na moto upande wa ukumbi, hawawezi kupanda. Na Trish ameanguka ngazini kwake, amevunjika kifundo cha mguu, anasaidiwa kushuka.

Upande wetu wa mlima nikawa nimebaki mimi tu.

Mzee alisikia yote. "Nenda kamchukue Noreen na Stan," akasema.

"Nakushusha wewe kwanza, halafu narudi."

"Hutapata njia ya kurudi. Angalia upepo." Nikaangalia. Alikuwa anasema kweli. Upepo ulikuwa unausukuma ule moto wa bustani kuelekea njia yetu ya mteremko, na Noreen na Stan wako juu zaidi. "Mimi nina maji na pampu. Wao hawana kitu."

Nilisimama. Sijui ni muda gani. Nilikuwa nimeshika kiti na mikono haikutaka kuachia. Akanyoosha mkono wake unaotetemeka, akaitafuta breki ya gurudumu, akaikosa, akaitafuta tena, akaifunga. Akanitazama miguuni. Nilikuwa na ndala.

"Vaa viatu," akasema.

Nilivaa buti zake za zamani zilizokuwa mlangoni. Nikakimbia.

Noreen alikuwa amesimama getini kwake, mkoba begani, uso ameuelekeza kwenye joto. Hakuuliza kitu. Stan tulimpandisha kwenye mkokoteni na mtungi wake, Noreen akishikilia nyuma na mimi nikivuta mbele, tukashuka kwa njia ya pili, ya mawe, inayoanzia kwa Stan na kupita upande wa mashariki. Mkokoteni ulikuwa unataka kunipita. Stan alikuwa anahesabu kwa sauti, sijui anahesabu nini. Feri ilikuwa imerudi tupu kutuchukua. Baadaye niliambiwa Ildephonse alimwambia nahodha ni saa sita, kule hakuna mtu, turudi. Tulipofika alimbeba Stan mgongoni.

Niliuacha mkokoteni nikageuka. Njia ya mteremko haikuonekana. Ilikuwa nyekundu kutoka chini hadi juu, na sauti yake ni kama ya lori; ile njia ya mawe nayo moto ulikuwa umeshaifunga nyuma yetu. Nilikimbia hatua kadhaa. Ildephonse alinishika mkono.

"Mama, hapana. Hakuna njia pale."

Nikamwambia aniachie. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, mwishowe kwa Kiluhya, ambacho hakijui. Hakuniachia. Alinivuta hadi botini, na yeye alikuwa analia waziwazi.

Tuliondoka watu kumi na wanane. Dakika ishirini na tano tangu nimwache mzee.

Bruce alimfikia saa nane, akipitia ufukweni na mpira wa maji. Nyumba ilikuwa imesimama. Pampu ilikuwa bado inanguruma. Mzee alikuwa kwenye kiti, chini ya blanketi, anapumua. Moshi ndio uliokuwa umemwingia. Helikopta ilimchukua.

Nyumba tisa zimeungua. Mtu hata mmoja hakuungua.

Jumapili, 15 Februari

Mzee amefariki alfajiri. Mapafu. Hospitali walimwambia Frances, Frances akamwambia Wendy, Wendy akanipigia mimi. Alisema, "Nilikuwa darasani, Rispah. Nilikuwa nafundisha hesabu za sehemu." Hakuna kati yetu aliyekata simu. Sina chuki naye tena. Sijui iliondoka saa ngapi.

Jumatano, 18 Februari

Wakala waliniita Parramatta. Watu watatu, meza, jagi la maji. Walikuwa na adabu. Waliuliza kama nilifahamu kwamba mteja haachwi peke yake wakati wa dharura. Nilifahamu. Waliuliza kama nilimwacha. Nilimwacha. Kwa muda gani? Dakika ishirini na tano, kisha sikuweza kurudi. Mmoja wao, msichana mdogo, aliandika hilo huku ameinamisha kichwa sana. Nilijaribu kueleza kuhusu Noreen na Stan. Wakasema, kwa upole, kwamba hao si wateja wa wakala.

Barua ya onyo. Zamu zimesitishwa mwezi mmoja. Niliweka sahihi. Abigail alitaka tuwaandikie. Nilimwambia wanachosema ni kweli, na ndiyo shida yenyewe.

Jumamosi, 21 Februari

Sikutoka nyumbani.

Jumatatu, 23 Februari

Mvua. Siku nzima, bila upepo, ya kutulia. Nilisimama kwenye roshani nikaitukana.

Jumamosi, 28 Februari

Mazishi ya mzee, kisiwani. Nilikuwa nimeazimia kutokwenda. Ildephonse alinibishia mlango asubuhi akiwa amevaa suti. "Mimi pia naogopa," akasema. "Twende tuogope pamoja."

Feri ilikuwa imejaa. Mlima umekuwa mweusi upande mmoja, na kwenye weusi huo mikaratusi imeshaanza kutoa majani madogo moja kwa moja kwenye shina, kama manyoya. Ukumbini watu walizungumza. Walisema alikuwa shujaa, alikaa kwenye kituo chake bila hofu, alikufa kama alivyoishi. Wendy aliusoma mpango wa mchana mbele ya wote, akasema umeandikwa na Rispah na Ildephonse, na kwamba yeye aliukataa mlangoni kwake mwezi wa Desemba. Watu waligeuka kututazama. Nilitazama sakafu. Noreen alikuwa kando yangu, akanipapasa mpaka akaupata mkono.

Baadaye nilishuka gatini mapema, kukwepa chai. Mwanamke wa rika langu alikuwa amekaa kwenye benchi, viatu amevivua. Nilimjua kwa kidevu. Ni cha mzee.

"Wewe ndiye Rispah," akasema Frances. "Wewe ndiye uliyemwacha."

"Ndiyo. Mimi ndiye niliyemwacha."

Alitazama maji. "Nimesafiri kutoka Perth nikiwa nimepanga ya kukuambia. Yamenitoka yote." Kisha akauliza, "Mara ya mwisho alisema nini?"

"Aliniambia nivae viatu."

Alitoa sauti iliyoanza kama kicheko. Alifunika mdomo. Nilisubiri. Feri ilikuwa bado ng'ambo.

"Wote wanasema hakuogopa," akasema. "Kila mtu aliyenishika mkono leo. Wewe ulikuwepo. Aliogopa?"

Jibu la faraja lilikuwa pale pale, rahisi, na nusu ya kisiwa ilikuwa imeshampa. Niliufikiria ule mkono ukiitafuta breki na kuikosa. Siku mia moja niliutazama mkono ule ukitetemeka, nikaujua mtetemeko wake wote, wa asubuhi, wa njaa, wa dawa ikiisha. Ule haukuwa wa ugonjwa.

"Aliogopa," nikasema. "Aliogopa sana. Alifunga breki akiwa anaogopa."

Frances aliinamisha kichwa mpaka magotini. Sikujua kama nimemuumiza. Alipoinuka uso ulikuwa umelowa, lakini mabega yalikuwa yameshuka, kama ya mtu aliyetua ndoo.

"Asante," akasema. "Huyo namjua. Huyo mwingine waliyekuwa wanamzungumzia kule ndani simjui."

Alisogea akanipa nafasi kwenye benchi. Nikakaa. Ildephonse alishuka akatuona, akasimama mbali kidogo akajifanya anakagua kamba. Feri ilipofika alishika ubao wa kupandia, akamsubiri Frances avae viatu, na tukapanda.